Sitambembeleza Nyanchera

Siku tarishi wa korti alipoleta samansi kwa Ratemo, mkewe Mong'ina alikuwa shambani akipalilia wimbi, na hakuna aliyemwita. Aliona tu wanaume wa boma wakikusanyika mmoja mmoja, wakiinama juu ya kile kikaratasi ambacho hakuna kati yao aliyeweza kukisoma vizuri, kisha wakiinua vichwa na kutazama upande wake. Walimtazama jinsi watu wanavyomtazama ng'ombe aliyekwisha kuuzwa na mwenyewe hajui. Mong'ina akaendelea kupalilia. Alikuwa na tabia hiyo: jambo likija mbio, yeye hulikalia kimya mpaka alione miguu yake yote.

Samansi ilitoka kwa Obwocha, mume wa Nyanchera, dada yake Ratemo. Nyanchera alikuwa ametoroka kwa mumewe tangu mavuno ya mahindi. Alitokea kwenye migomba asubuhi, mkono wa kushoto umefungwa kwa kipande cha shuka, akasema neno moja tu: "Nimekuja." Mfupa uliungana vibaya, na kiganja kikabaki kimetazama pembeni kama mlango usiofungika. Sasa Obwocha, askari aliyerudi kutoka vita vya Burma na koti lake zito, alikuwa ameshtaki. Arudishiwe mke au arudishiwe ng'ombe wa mahari. Kesi ingesikizwa Kisii mjini, Jumatatu inayofuata ile ya kesho kutwa.

Hapo ndipo kilipokuwa kisa. Katika nchi ile msichana huolewa, na ng'ombe wake humwoza kaka yake. Ng'ombe walioletwa kwa ajili ya Nyanchera hawakukaa zizini hata msimu mmoja. Walikwenda moja kwa moja kwa baba yake Mong'ina, na Mong'ina akaja kwa Ratemo. Kwa hiyo Nyanchera akichomoka kwa mumewe, aliyetikisika alikuwa Mong'ina, aliyekuwa na nyumba yake, jiko lake, na watoto wawili, mmoja akiwa bado ananyonya.

Jioni ile mzee Mogaka, baba mdogo wa Ratemo, alikuja akaketi kwenye kigoda kabla ya kukaribishwa. Ratemo aliketi nyuma yake akichezea majani.

"Mke wa mwanangu," Mogaka alisema, "umesikia."

"Sijasikia, mzee. Nimeona watu wakisimama."

"Basi sikia. Hatuna ng'ombe wa kumrudishia Obwocha. Kortini watatuamuru tuwachukue kwa baba yako, na wewe utarudi ulikotoka. Watoto watabaki, ni wa ukoo huu. Hakuna anayetaka hayo. Kwa hiyo desturi yetu unaijua. Mke aliyeolewa kwa ng'ombe wa wifi yake ndiye huenda kumbembeleza wifi. Neno lako Nyanchera hawezi kulikataa. Mpikie, mbembeleze, mfungie kikapu, umsindikize mpaka kwa mumewe."

"Nimwambie nini nikimfikisha?"

"Umwambie avumilie."

"Mkono wa kushoto ameshautoa. Nimwambie sasa aupeleke wa kulia?"

Ratemo akakohoa. "Mong'ina."

"Nimeulizwa, najibu."

"Hukuulizwa," Mogaka alisema, "umetumwa."

Mong'ina alimhamisha mtoto kutoka titi moja kwenda jingine, akachukua muda wake. Kisha akasema kwa sauti ile ile aliyoitumia kumwambia mtu kwamba chumvi imekwisha: "Sitambembeleza Nyanchera. Kama ni kurudi kwetu nitarudi, lakini mguu wangu hautakuwa wa kumrudisha mwanamke kwa mtu aliyemvunja. Mzee, nikuletee uji?"

Mzee hakutaka uji. Aliondoka akinung'unika kwamba wasichana wa siku hizi wamelishwa pilipili utotoni.

Asubuhi yake Nyanchera mwenyewe alimfuata Mong'ina alipokuwa akimenya ndizi. Aliketi chini, akachukua ndizi, akaibana kwa magoti ili aimenye kwa mkono mmoja.

"Wifi, nimeamua. Nitarudi."

"Kwa nani?"

"Usinichekeshe. Kwa Obwocha. Siwezi kukaa hapa nikitazama watoto wako wakilelewa na moshi. Ulinifunga mkono huu wewe, ukanilisha. Nikikuvunjia nyumba nitakuwa mtu gani?"

"Na ukifa huko, mimi nitakuwa mtu gani? Nitakuwa nalala nyumba iliyojengwa kwa ng'ombe wa maiti." Mong'ina alitupa ganda. "Usinifanyie wema wa namna hiyo. Nipe siku mbili tatu. Menya ndizi."

Ukweli ni kwamba usiku kucha alikuwa akiwafuata wale ng'ombe kichwani. Walitoka kwa Obwocha wakaja kwa Ratemo. Kwa Ratemo wakaenda kwa baba yake. Na kwa baba yake je? Huko nako hawakukaa. Walimwoza kaka yake, Onsongo. Na mke wa Onsongo alikuwa nani? Alikuwa Gesare, binti wa Bosibori. Na Bosibori ndiye mama yake Obwocha.

Hakuna aliyekuwa hajui kwamba Gesare ni dada yake Obwocha. Lakini mwanamume anayedai ng'ombe hutazama zizi lililo mbele yake tu. Obwocha alimtazama Ratemo, Ratemo akamtazama baba mkwe wake. Isitoshe, Gesare aliolewa Obwocha akiwa vitani, na aliporudi aliambiwa na mama yake kwamba ng'ombe wa Gesare walichukuliwa na serikali, wakawa nyama ya askari. Miaka ile serikali ilikuwa ikipita na kamba bomani kudai ng'ombe wa vita, na wengi walilia kweli. Obwocha aliamini, akawasahau.

Mong'ina hakuamini. Siku za soko la Keroka alikuwa akikutana na Gesare, na mara nyingi Gesare alikuwa na kibuyu cha maziwa ya mgando kutoka kwa mama yake. Mtu ambaye zizi lake tupu limeota nyasi, maziwa ya mgando anayatoa wapi?

Akamfunga mtoto mgongoni, akatia unga wa wimbi kikapuni, akaondoka bila kuaga. Njia ya kwenda kwa Bosibori ilipanda na kushuka vilima upande wa Nyamira, na njiani watu waliomjua walimwuliza anakwenda wapi na unga huo. Yeye alimjibu kila mmoja: "Kusalimia."

Bosibori alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, anayenusa tumbaku. Mong'ina alimkuta akitengeneza ukingo wa kikapu.

"Mong'ina," alisema bila kuinuka. "Jina maana yake kizee, miguu ya mtoto. Umekuja kwa wanaokushtaki?"

"Nimekuja kwa mama wa wifi yangu. Gesare ni mke wa kaka yangu, au nimesahau?"

"Hujasahau. Kaa. Obwocha yuko mjini."

"Ndiyo maana nimekuja leo."

Walizungumza kwanza habari za mvua, za nzige, za mtoto. Kisha Mong'ina akasema, "Mama, ng'ombe wa Gesare wanakamuliwa wapi?"

Bosibori alinusa tumbaku yake polepole. "Serikali iliwachukua."

"Nilisikia. Na maziwa je, serikali huwa inayarudisha?"

Kuku alipita katikati yao. Bosibori akacheka, kicheko kidogo kilichotokea puani.

"Kaka yako alipowaleta," alisema, "nilitoka nje kuwapokea, nikamwona mbele ng'ombe mwekundu mwenye pembe iliyopinda. Nilimjua kabla hajafika mtoni. Ni yule yule niliyemtoa kwa ajili ya Nyanchera. Walikuwa wamezunguka nchi nzima wakaja kunywa maji yao wenyewe. Nilicheka mpaka wakwe wakadhani nimerukwa na akili. Kisha nikasikia watu wa serikali wako kilima cha pili. Usiku huo huo wakaenda kwa rafiki yangu upande ule, na huko ndiko waliko hadi leo, na wamezaa."

"Kwa nini hukumwambia Obwocha aliporudi?"

"Alirudi na Issack, yule mchuuzi wa ng'ombe wa mjini. Kabla hajanisalimia aliniuliza zizi liko wapi. Alitaka anunue sanduku linaloimba. Basi nikamwambia uongo ule ule nilioiambia serikali. Ulikuwa bado mzuri."

"Sasa umeoza," Mong'ina alisema. "Mwanao amemshtaki Ratemo. Ratemo atamshtaki baba yangu. Baba yangu hana wa kumshika ila wewe. Nami nitakuwa nimefukuzwa, lakini sitakuwa peke yangu. Gesare atakuja mlangoni hapa na ngozi yake ya kulalia, mimba yake tumboni. Utamwambia naye kwamba ng'ombe wake walikwisha kuliwa?"

"Unanitisha nyumbani kwangu."

"Nakutisha, mama. Sikuja na kitu kingine ila unga."

Bosibori aliweka kikapu chini. Akautazama mlango wa banda la mwanawe, banda ambalo Nyanchera alilifagia miaka yote ile. "Nilisikia mkono ule ukivunjika," alisema. "Nilikuwa hapa hapa. Nilisema nitaamka, sikuamka." Akafuta pua. "Ijumaa nitawaita wazee wa pande zote wakae uani kwangu, kabla ya korti yao. Wewe njoo na Nyanchera. Ukinyamaza siku hiyo, nami nitanyamaza."

Ijumaa walikuja. Wazee wa kila mlango wa ukoo, wale ambao Wakisii huwaita etureti, waliketi kwenye vigoda na magogo. Mogaka alikuja na Ratemo. Onsongo alikuja na baba yake, na Gesare akaingia jikoni kwa mama yake. Obwocha alifika mwisho, koti la jeshi limefungwa vifungo vyote juani, akasimama wakati wengine wameketi. Alizungumza Kiswahili cha kambini, makusudi, ili wazee wajue amefika mbali.

"Mimi kesi yangu iko korti. Iko namba. Hii kukaa-kukaa ya nini?"

"Sema lugha ya mama yako," mzee mmoja alimwambia. "Mama yako yuko hapa."

Obwocha akaketi. Kwa Ekegusii maneno yake yalipungua ukubwa. Alisema alilipa mke, mke ametoroka, basi. Mogaka akajibu kwamba upande wao haukatai deni, ila hauna ng'ombe, na wamejaribu kumshauri Nyanchera arudi, lakini aliyetumwa kumshauri amekuwa mkaidi. Aliposema hivyo hakumtazama Mong'ina, aliyekuwa ameketi chini ukutani pamoja na Nyanchera.

"Sikuwa mkaidi," Mong'ina alisema. "Nilikataa."

Wazee waligeuka. Mogaka akainua fimbo. "Kikao hiki ni cha wanaume."

"Mzee, tangu asubuhi mnanitaja. Mong'ina atarudi, Mong'ina atabaki. Anayetajwa hana mdomo? Nitanyamaza mkimaliza kunitaja."

Mzee mmoja wa upande wa Obwocha, mwenye jino moja, alisema, "Mwache aseme, jua halijawa kali."

Mong'ina alisimama.

"Tuseme tumekwenda korti, na Obwocha ameshinda. Askari anaanza kwa Ratemo. Hakuna kitu. Anakwenda kwa baba yangu. Hakuna kitu, maana alimwozea Onsongo. Anakwenda kwa aliyepokea ng'ombe wa Onsongo. Anafika hapa." Aliugonga ukuta wa nyumba ya Bosibori kwa kiganja. "Anawachukua. Anawapitisha kwa baba yangu, anawapitisha kwa Ratemo, anamletea mwenye kesi. Mwenye kesi zizi lake liko wapi?"

Yule mzee wa jino moja alianza kucheka kabla ya wengine.

"Liko hapa," Mong'ina alisema. "Wametoka hapa, wamerudi hapa. Ila njiani wameniacha mimi kwa baba bila wanangu, na wamemleta Gesare mlangoni hapa bila mume. Na Nyanchera bado hayumo ndani ya nyumba ya Obwocha. Hiyo ndiyo haki yenye namba."

"Ng'ombe wa Gesare walikufa," Obwocha alisema. "Serikali—"

"Hawakufa," Bosibori alisema kutoka mlangoni.

Hakupaza sauti. Aliwaeleza wazee wako wapi, wamezaa nini, na yule mwenye pembe iliyopinda bado yu hai. Obwocha alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Mama, ulinidanganya."

"Niliidanganya serikali kwanza. Wewe ulipewa masalio."

Watu walicheka, na kicheko hicho kilikaribia kuharibu kila kitu, maana Obwocha alishika njia ya kutokea. Baba yake Mong'ina ndiye aliyesimama mbele yake, mtu mpole asiyependa kugusana na mtu, akasema: "Mwanangu, nami nina binti hapo ukutani. Kaa tumalize."

"Tumalize nini? Nyote mna wake. Huyu ana mke, yule ana mke. Mimi niliyelipa wa kwanza nina nini?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na hakuna aliyelicheka. Wazee walizungumza wao kwa wao muda mrefu. Mwishowe walisema ng'ombe wa Gesare ni haki ya kaka yake kwa desturi, basi Obwocha awachukue na uzao wao, aoe kwa hao. Gesare akae kwake, Mong'ina akae kwake. Na Ratemo, kwa kuwa dada yake ndiye aliyeondoka, amwongezee Obwocha mitamba kadiri atakavyojaliwa.

"Mitamba wangapi?" Obwocha aliuliza haraka.

Hapo Nyanchera alisimama. Alipita katikati ya wanaume, akampigia goti mzee Mogaka, akauweka mkono wake wa kushoto juu ya paja la mzee kama mtu anayeweka mzigo.

"Na huu nao uhesabiwe," alisema.

Mogaka alitaka kujisogeza, lakini kigoda kilikuwa kidogo. Aliutazama ule mkono. Akampa kibuyu chake cha maji. "Shika." Nyanchera alikishika kwa mkono ule, kikaponyoka, maji yakamwagika miguuni kwa mzee. Akakiokota kwa mkono wa kulia, akakitia tena katika wa kushoto. Kikaanguka tena. Mogaka alikifuata mwenyewe chini.

"Unasagaje?" alimwuliza, sauti imebadilika.

"Sisagi. Mong'ina ananisagia. Yule uliyesema ni mkaidi."

Mzee alikaa na kibuyu kitupu mkononi. Kisha akamwelekea Obwocha, na hakuzungumza kama mtu wa upande wa mdaiwa tena. "Mtamba mmoja. Mwingine umekwisha kumvunja wewe mwenyewe katika mkono huu. Na mbuzi wa kuliwa leo utamtoa wewe, si sisi."

"Mbuzi nimtoe mimi? Mimi niliyekimbiwa?"

"Wewe uliyepiga."

Obwocha aliwatazama wazee wa upande wake mwenyewe, mmoja mmoja. Hakuna aliyeinua macho ila yule wa jino moja, naye alisema tu, "Yule beberu mweusi atatutosha."

Mbuzi alichinjwa. Nyama ya kikao cha namna ile huliwa na wenye shauri wakiwa pamoja, na akishakula mtu hawezi tena kulipeleka shauri mahali pengine, aibu ingemfuata hadi kaburini. Kwa hiyo wote walimtazama Obwocha sinia lilipowekwa. Alikaa, mikono mapajani, koti limemlowa jasho mgongoni. Mong'ina alimwona akimtazama dada yake Gesare, aliyesimama mlangoni na tumbo lake mbele.

Obwocha alinyoosha mkono. Kisha akaurudisha. "Sili sinia moja na wanawake," alisema, maana Mong'ina alikuwa amemvuta Nyanchera karibu na sinia.

"Basi hujamaliza kesi," Mong'ina alisema. "Kesi ni yake. Wazee wamekuja kusaidia tu."

"Hiki si kikao, hili ni jiko."

"Ndiyo maana kimeiva, shemeji. Kula."

Hakuna aliyemtetea Obwocha, na hakuna aliyemkemea Mong'ina. Hata Mogaka alikuwa akitazama miguu yake iliyolowa. Nyanchera alichukua kipande kwa mkono wa kulia, akatafuna, akimtazama mumewe usoni kwa mara ya kwanza tangu afike. Obwocha akachukua chake. Alikitafuna muda mrefu, akameza, akasema mbele ya wote maneno yaliyotakiwa: kwamba hana neno tena na Nyanchera, na Jumatatu atakwenda kuifuta kesi. Halafu akaondoka bila kunawa.

Walirudi alasiri. Ratemo alitembea nyuma ya Mong'ina. Walipofika mteremko wa kijito akasema, "Ungeniambia."

"Ningekuambia ungenituma nikambembeleze."

Ratemo alifikiri. "Ningekutuma," alikubali.

"Basi."

Mtoto alianza kulia, na Mong'ina akasimama kumlegeza mgongoni. Ratemo akampokea kikapu, jambo ambalo wanaume wa boma lao hawakuwa wakilifanya njiani, akakishika vibaya, kama mtu aliyeshika kuku wa jirani. Mong'ina hakumwonyesha namna ya kukishika. Mbele yao Nyanchera alikuwa amekwisha kuvuka kijito, anapanda kilima kwa haraka, hakungoja mtu.